Inua mguu wa 21: mistari ya wima kwenye picha ya Famicom

Ikiwa Famicom yako (mashine ya michezo ya video ya Nintendo) ya mwaka 1983, ambayo kwa asili hutoa picha kwa njia ya antena tu, umeshaifungia waya wa video wa plagi ya njano na bado unaona mistari hafifu ya wima, hasa kwenye anga la buluu, usiishie kuungia waya juu ya mguu wa 21 wa chipu ya picha, bali uinue mguu huo utoke kabisa kwenye bodi. Mguu ukiendelea kugusa bodi, njia yake ya shaba hupita jirani na njia za data na kuokota kelele zake za umeme. Yeyusha na unyonye risasi yote ya kuungia, kisha upinde mguu polepole na mara moja tu, kwani ukipindwa mara kwa mara hukatikia kwenye shina, na kisiki hicho ni taabu kubwa kukiungia waya. Kutoka hapo tumia waya mfupi hadi kwenye transista ya PNP (kijenzi kidogo cha kukuza mkondo wa umeme) kama 2N3906, kwa sababu chipu peke yake haina nguvu ya kuendesha omu 75 za televisheni. Njia ya antena haitafanya kazi tena. Kwangu anga lilitulia, ingawa kivuli cha mistari kilibaki, maana sehemu ya kelele huzaliwa ndani ya chipu yenyewe. Kwenye mashine za kuiga Famicom zenye chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi, dawa hii haifai: hakuna mguu wa kuinua.