Kuandika laini ya riseti kwenye mti wa vifaa wa Linux

Mwongozo huu unamfaa anayewasha bodi mpya na ambaye tayari anajua kujenga kerneli na kuhariri faili la .dts (chanzo cha mti wa vifaa, yaani device tree, unaoielezea kerneli vifaa vya bodi). Nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye skrini yake ya mguso ilikuwa haijibu kwenye I2C (basi la waya mbili la kuwasiliana na vifaa), ilhali umeme upo na anwani ni sahihi. Kilichoizuia ni neno moja kwenye laini ya riseti, ile inayokianzisha kifaa upya.

1. Jua riseti inatoka wapi

Kifaa kilicho ndani ya chipu kuu, kama UART au USB, hurisetiwa na kidhibiti cha chipu hiyo:

`resets = <&rst 5>;`

Idadi ya namba zinazofuata huamuliwa na `#reset-cells` ya kidhibiti. Kifaa cha nje kilichounganishwa kwa waya kwenye pini ya GPIO (pini ya matumizi ya jumla ya chipu kuu) huandikwa hivi:

`reset-gpios = <&gpio1 9 GPIO_ACTIVE_LOW>;`

2. Hakikisha jina

Draiva ikiomba laini ya "reset" kwa `devm_gpiod_get_optional`, kerneli hutafuta `reset-gpios`. Ukiandika `rst-gpios` hutaona kosa lolote: draiva itaendelea kana kwamba laini haipo. Pini nayo iwekwe kuwa GPIO kwenye pinctrl, sehemu inayochagua kazi ya kila pini.

3. Juu au chini?

Hapa usiharakishe. Bendera ya mwisho inajibu swali moja: pini *ya chipu kuu* ikiwa na volti gani, kifaa kinakuwa kwenye riseti? Wengi husoma nRST (pini ya riseti inayofanya kazi ikiwa chini) kwenye karatasi ya data ya kifaa, wakaandika `GPIO_ACTIVE_LOW` na kuendelea. Ni sawa kama waya umenyooka. Lakini fuata waya huo kwenye mchoro wa saketi mpaka mwisho. Ukikuta transista inayogeuza ishara njiani, pini ya chipu kuu ikipanda, nRST inashuka, na jibu sahihi ni `GPIO_ACTIVE_HIGH`.

Upande wa draiva, 1 maana yake "weka kwenye riseti" na 0 maana yake "achilia". Haya si majina ya volti. Kwa hiyo `GPIOD_OUT_HIGH` kwenye laini ya `GPIO_ACTIVE_LOW` inaishusha pini hadi 0 V, na ndivyo inavyotakiwa.

Balaa ni draiva za zamani zilizochukulia 1 kuwa volti ya juu. Watu walizizoea kwa kuandika `GPIO_ACTIVE_HIGH` kwenye .dts ili makosa mawili yafutane. Ukinakili .dts ya bodi nyingine bila kusoma draiva, unanakili na kosa. Na ukirekebisha draiva peke yake, bodi zote zilizozoea zitakufa, kwa hiyo rekebisha vyote viwili pamoja. Draiva ya FEC, kidhibiti cha Ethernet cha chipu za NXP, ina lake: `phy-reset-gpios` yake haiangalii bendera kabisa, inataka sifa ya `phy-reset-active-high`. Njia hiyo imepitwa na wakati. Weka `reset-gpios` ndani ya nodi ya PHY (chipu inayounganisha kidhibiti cha Ethernet na kebo).

4. Muda

Muda wa kushikilia riseti kwa kawaida hukaa ndani ya draiva. Usibuni sifa yako, soma `Documentation/devicetree/bindings`. PHY ya Ethernet inazo zake: `reset-assert-us` na `reset-deassert-us`.

Angalizo moja: PHY iliyoachwa kwenye riseti na kipakiaji (bootloader) haiwezi kusomwa kitambulisho, na kerneli huisoma kabla ya kuachilia riseti iliyo kwenye nodi yake. Matokeo yake PHY haionekani. Andika kitambulisho kwenye `compatible` kwa muundo wa `ethernet-phy-idAAAA.BBBB`, au hamishia riseti kwenye nodi ya mdio (basi ambalo kerneli huisomea PHY) pamoja na `reset-delay-us`.

5. Hakiki

Endesha `make dtbs_check`, kisha kwenye bodi soma `/sys/kernel/debug/gpio`. Laini ya `GPIO_ACTIVE_LOW` iliyoachiliwa vizuri huonekana hivi:

`gpio-9 ( |reset ) out hi ACTIVE LOW`

Hapo "hi" ni volti halisi ya pini. Ukiona "lo" kwenye laini kama hiyo huku draiva imeshapakiwa, rudi hatua ya 3. Mimi huthibitisha kwa oskiloskopu, si multimita: mpigo wa riseti unaweza kuwa wa mikrosekunde chache, na multimita haiuoni. Weka ncha kwenye pini ya kifaa chenyewe, upande wa pili wa transista.