Msikilize Nat King Cole kuanzia kwenye vidole

Wengi wetu tulimjua Nat King Cole, mwanamuziki wa Marekani, kwa nyimbo za mapenzi za miaka ya 1950, zile zilizojaa fidla, tukaishia hapo. Nilikaa miaka mingi bila kujua kwamba bwana huyu alikuwa mpiga piano kwanza, na tena piano hasa! Kwa hiyo nakusihi uanzie nyuma.

Tafuta hedifoni. Spika ya simu inameza besi, na kwenye kundi lake la watu watatu, lililoanzia Los Angeles mwaka 1937, besi ndiyo inayoshika mwendo. Drams hakuna. Ni piano, gitaa na besi, basi.

Weka "Sweet Lorraine" ya 1940. Mara ya kwanza usikilize tu. Mara ya pili achana na maneno, fuata mkono wa kulia: sauti ikimaliza mstari, vidole vinajibu kwa noti chache, halafu vinampisha Oscar Moore wa gitaa. Usikimbilie wimbo mwingine. Mimi nilikaa na huu wiki nzima.

Ukishauzoea, nenda "Straighten Up and Fly Right", uliotokana na kisa alichokuwa akikihubiri baba yake mchungaji. Huo ndio uliomtoa. Kisha "Nature Boy" ya 1948. Hapo okestra imeingia, na dunia ikaanza kumwita mwimbaji.

Kabla hujaendelea, ujue mwaka 1956 ulivyokuwa kwake. Aprili, wazungu walimvamia jukwaani Birmingham, katika jimbo lilelile la Alabama alikozaliwa. Novemba alianza kipindi chake cha televisheni NBC, kikadumu mwaka mmoja tu kwa kukosa mdhamini wa kitaifa, kwa kuwa mwenye kipindi alikuwa mtu mweusi. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Katikati ya matukio hayo mawili aliingia studio akakaa tena kwenye piano, akarekodi albamu ya "After Midnight". Humo "Sweet Lorraine" imo tena. Icheze ile ya 1940, unganisha na hii papo hapo. Sasa drams zipo, tarumbeta ya Harry Edison ipo, sauti imekomaa. Rudi kwenye mkono wa kulia. Bado unajibu.