Kuhamishia anwani Thunderbird bila kupoteza sifuri

Faili ya CSV (orodha ya maandishi yaliyotengwa kwa koma) ikiharibika, mara nyingi huharibikia kwenye Excel kabla haijafika Thunderbird, programu ya barua pepe. Namba 0712… ikiingia kwenye seli ya kawaida, Excel huiona kuwa tarakimu ya hesabu na kuitupa sifuri ya mbele; 255712… nayo huonekana kama 2.55712E+11, na ukihifadhi hivyo, CSV hubeba hicho kinachoonekana. Kwa hiyo chagua safu nzima ya simu, ipe muundo wa Text, ndipo ubandike namba. Ukishachelewa, kubadili muundo hakurudishi sifuri.

Hifadhi kama CSV UTF-8, la sivyo majina yenye é au herufi za Kiarabu huweza kuharibika. Ndani ya Thunderbird fungua Tools, kisha Import, chagua kitabu cha anwani. Weka tiki kwamba mstari wa kwanza ni vichwa, linganisha safu moja moja. Jaribu na majina matatu kwanza: ukiingiza orodha mara mbili, programu haiunganishi yanayojirudia, na kufuta majina 400 kwa mkono ni adhabu.

Kuhusu fonti za kusomea barua ndani ya Thunderbird, wengi hubadili ya Latin (herufi kama hizi) tu halafu hulalamika kuwa baadhi ya barua zimebaki na maandishi madogo. Kwenye Fonts & Colors, ndani ya Settings, bonyeza Advanced, weka fonti na ukubwa uleule pia kwa Other Writing Systems. Barua zisizo na mapambo (plain text) hufuata ukubwa wa Monospace, fonti ya herufi zenye upana sawa, nao una kisanduku chake.