Pikapu ya Dizeli Isiyowaka Asubuhi: Tuanzie Wapi Kabla ya Kufungua Pampu

Pampu ya dizeli ndiyo husingiziwa kwanza, na mara nyingi haina kosa. Pikapu ikigoma asubuhi, fundi wa njiani anafungua boneti, anasema "pampu imekwisha", na kabla ya saa sita mchana pampu iko ndani ya gunia, inapakiwa kwenye basi kwenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Mwenye gari anauza ng'ombe. Pampu inarudi, inafungwa, gari linawaka siku chache, kisha ugonjwa ule ule unarudi, maana tangu mwanzo ulikuwa kwenye kipande cha mpira kilichopasuka karibu na tangi.

Somo hili ni la wenye pikapu za Toyota Hilux za zamani, zile za injini ya 2L (cc 2,446), 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986). Ndizo zinazotubebea kahawa, viazi na matoke huku Mbale na Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Tena tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15, pikapu ambayo tayari iko barabarani inastahili kutunzwa kuliko zamani. Nyingi kati ya hizi hazina kompyuta ya kusimamia mafuta, kwa hiyo mtu mwenye spana, taa ya kupimia umeme na subira anaweza kuzielewa akiwa nyumbani kwake.

Kabla ya kushika spana

Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, na usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au gogo nene. Jambo la pili wengi hawalijui: dizeli inayotoka kwa shinikizo kwenye bomba la nozeli (kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda) inaweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu la sindano, lakini ndani nyama inaoza. Likikupata hilo, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huoni maumivu.

Hatua ya 1: Tazama egzosi

Mwambie mtu apige stata, wewe usimame nyuma. Kwanza sikiliza stata yenyewe. Kama inazunguka kwa uvivu, malizana na betri, vichwa vya betri na waya wa ardhi unaofungwa kwenye injini. Dizeli haiwaki kwa cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini inayozunguka polepole haifikii joto hilo.

Kama stata ina nguvu, angalia moshi. Ukiona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika kwenye silinda lakini hayashiki moto: nenda Hatua ya 4. Usipoona moshi wowote, mafuta hayafiki: endelea na Hatua ya 2. Uchunguzi huu hauna gharama na unagawa kazi nusu kwa nusu. Nashangaa jinsi mafundi wengi wanavyouruka.

Hatua ya 2: Hakuna moshi

Washa swichi bila kupiga stata, sikio likiwa karibu na pampu. Juu yake, upande wa nyuma yanakotokea mabomba ya nozeli, kuna solenoidi yenye waya mmoja, yaani valvu ya umeme inayofungua na kufunga njia ya mafuta. Swichi ikiwashwa lazima ilie "ka!" Isipolia, pima kwa taa kama umeme unafika. Waya uliolegea hapo unazuia mafuta yote, na gari litaonekana kama limekufa kabisa.

Solenoidi ikiwa nzima, tafuta upepo kwenye mafuta. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndio ugonjwa mkubwa wa pikapu zetu.

Kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Kwa hiyo mpira wenye ufa unaweza usidondoshe hata tone, ila unaingiza upepo. Gari likilala usiku, upepo unaingia na mafuta yanarudi tangini taratibu. Asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Likishawaka linatembea vizuri kutwa nzima, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Jaribu hivi: asubuhi kabla ya kupiga stata, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini, ikabonyezwa mara nyingi ndipo ikawa ngumu, na baada ya hapo gari likawaka mara moja, umeshapata jibu. Kuna upepo unaoingia.

Kujua unapoingilia, nunua kipande cha mpira mwangavu wa mafuta, ukifunge kwa muda kati ya filta na pampu. Washa injini utazame. Mapovu yakipita, tatizo liko nyuma ya hapo: filta, pampu ya mkono, mipira au tangi. Pampu ya mkono ina kiwambo cha mpira ndani ambacho huchanika, nayo huuzwa pamoja na kichwa chake. Fuata bomba la chuma pembeni mwa chasi, hasa pale linaposhikwa na klipu, kwani tope hukaa hapo na kutu inatoboa. Usisahau vile vimipira vyembamba vinavyounganisha nozeli na nozeli kwa ajili ya mafuta yanayorudi. Vikikauka na kupasuka, upepo unaingilia hapo pia gari linapolala.

Mipira badilisha yote kwa pamoja. Ni rahisi, na uliobaki utapasuka tu baadaye ukiwa na mzigo.

Hatua ya 3: Filta na kutoa upepo

Chini ya filta kuna kizibo cha kutolea maji. Weka chupa, kilegeze, bonyeza pampu ya mkono, maji yatoke mpaka uone dizeli tupu. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mimi nafanya hivi kila wiki. Anayenunua dizeli ya madumu kando ya njia afanye hata kila anapojaza.

Ukibadilisha filta, kumbuka kuhamisha kile kipande cha chini chenye waya wa taa ya maji, usikitupe pamoja na filta kuukuu. Paka dizeli safi kwenye mpira wa filta mpya, fungua kizibo chochote cha plastiki, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie mnyororo kukazia.

Bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, halafu piga stata. Ikigoma, legeza kidogo nati mbili za mabomba kwenye nozeli (spana namba 17), zifunike kwa kitambaa, weka uso na mikono mbali, na mwenzako apige stata kwa sekunde 10. Yatatoka mapovu, kisha mafuta. Yakitoka bila mapovu, kaza. Pumzisha stata angalau nusu dakika kila baada ya kupiga, maana kuiunguza ni kujitafutia ugonjwa wa pili.

Hatua ya 4: Moshi mweupe

Sasa ni zamu ya hita plagi, zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya injini kuwaka. Ondoa kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi zote nne. Chukua taa ya kupimia, klipu yake iweke kwenye chanya ya betri, ncha iguse kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, plagi imekufa. Usichukue waya mnene na kuipa plagi umeme wa betri moja kwa moja ili uone inavyowaka: baadhi ya plagi za Toyota zimetengenezwa kwa volti chini ya 12, na utaziua mwenyewe.

Kabla ya kununua plagi mpya, rudisha kile kipande cha chuma, washa swichi, upime kama umeme unafika hapo. Mara nyingi plagi ni nzima na relei, ile swichi inayozipelekea umeme, ndiyo mbovu. Plagi zitoe injini ikiwa ya uvuguvugu, polepole, maana zikikatikia ndani ya hedi (kichwa cha injini) kazi inakuwa ya siku nzima.

Plagi zikiwa nzima zote na moshi mweupe bado upo, angalia maji ya rejeta. Kama yanapungua bila kuvuja nje, au rejeta inatoa mapovu injini ikinguruma, shuku gasketi ya hedi. Kama maji hayapungui, peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine. Ni baada ya haya yote ndipo pampu inapostahili kuulizwa.

Mengine ya kutunza

Oili 15W-40 ya dizeli, kila kilomita 5,000, pamoja na filta yake. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi muda mfupi baada ya kumwagwa mpya, hilo lisikutishe.

Kifuniko cha rejeta kinapuuzwa mno. Maji yasiyobanwa huchemka karibu na nyuzi 96 hapa Mbale, na huko Kapchorwa, kwenye mita kama 1,900 juu ya bahari, ni karibu nyuzi 94 tu. Kifuniko chenye namba 0.9 ya shinikizo kinaongeza takriban nyuzi 20 juu ya hapo. Mpira wake ukikauka, unapanda mlima na rejeta inayochemka mapema, na hedi za injini hizi, hasa 2L yenye tabo (turbo), zinajulikana kwa kupasuka. Kifuniko ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na hedi.

Maswali ya wenye magari

*Kutoka Kapchorwa: Mzee, habari ya kazi. Gari yangu ikipanda kutoka Mbale na mzigo inatoa moshi mweusi. Huko chini hakuna. Nipunguze mafuta kwenye pampu?*

Njema, ndugu yangu. Usiguse skrubu ya pampu bado. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na huko kwenu hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, huku pampu nyingi za aina hii zikitoa mafuta yale yale. Moshi kidogo kwenye gia kubwa ni kawaida. Shuka gia mapema. Ukiwa mzito kama wingu, badilisha filta ya hewa, kisha pima nozeli.

*Kutoka Moroto: Vumbi letu unalijua, mwalimu. Filta ya hewa naipuliza kwa kompresa kila jioni. Inatosha?*

Puliza kutoka ndani kwenda nje, upepo usiwe mkali, na mdomo wa bomba usikaribie karatasi. Ukimaliza, weka tochi ndani ya filta gizani. Ukiona nukta ya mwanga, imetoboka, itupe. Angalia na mpira mkubwa kati ya boksi la filta na injini, kwa sababu ufa hapo unapitisha vumbi moja kwa moja kwenye silinda, na filta mpya haitakusaidia.

*Kutoka Arua: Breki zimekuwa ngumu kama jiwe, lakini oili ya breki imejaa na pedi ni mpya.*

Injini ya dizeli haijitengenezei mvuto wa kusaidia breki kama ya petroli, kwa hiyo ina pampu yake ya kuvuta hewa. Kwenye gari lako imefungwa nyuma ya alteneta na inalainishwa na oili ya injini. Je, ulibadilisha alteneta hivi karibuni? Watu hununua isiyo na pampu hiyo, au husahau mpira wake. Injini ikinguruma, chomoa mpira mnene kwenye buta ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki) na uzibe kwa kidole. Usiposikia unavuta, tatizo liko kwenye pampu hiyo au mpira. Gari lisitoke nyumbani mpaka limepona.

*Kutoka Kasese: Fundi wetu anaweka kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa na gari linawaka haraka. Kuna ubaya, kaka?*

Upo, dada, na ni mkubwa. Hita plagi zikiwa na moto, mvuke wa petroli unalipuka kabla ya wakati wake, unavunja pete za pistoni na unaweza kumchoma aliyesimama hapo. Mkataze. Mwambie afuate Hatua ya 1.

*Kutoka Bweyale: Hapa dizeli wakati mwingine inachanganywa na mafuta ya taa. Nitajuaje, na yanaharibu nini?*

Harufu inasaidia, na dizeli safi ukiipaka kati ya vidole inateleza, mafuta ya taa yanakauka upesi. Pampu yako haina oili yake. Kinacholainisha vyuma vya ndani ni dizeli yenyewe inayopita, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Ukishuku, jaza dizeli ya stesheni unayoiamini juu yake, na usiendeshe kwa mzigo mzito mpaka tangi lile liishe.

*Kutoka Malaba: Nimenunua 3L mkononi mwa mtu. Taa ya T-BELT haiwaki. Mkanda wa taimingi niuache mpaka iwake?*

Usiuache. Taa hiyo inahesabu kilomita 100,000 tu, haiujui mkanda wenyewe, na kuna wanaouza gari baada ya kuizima bila kubadilisha chochote. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, pistoni zinagonga valvu. Kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haukubadilishwa. Nunua mkanda na beringi yake ya kukazia kwa pamoja, na kama sili ya oili ya mbele inavuja, ibadilishe humo humo, kwa kuwa oili inaula mkanda. Alama za taimingi zipange zote, kisha zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mkono. Ikikwama popote, simama, usilazimishe. Ikizunguka laini na alama zikarudi mahali pake, ndipo upige stata.