Mapishi ya Kichina ya Nyumbani kwa Mboga za Nyanda za Juu Kusini

Mpishi wa Mbeya anayetaka kupika Kichina nyumbani hana haja ya kuagiza vitu Dar es Salaam. Katika soko la Mwanjelwa, kama ilivyo katika soko kuu la Iringa, hakosi chainizi, karoti, hoho, tangawizi, kitunguu saumu, majani ya vitunguu, nyanya na mayai. Mchele wa Kyela na wa Mbarali upo, na viazi mviringo vya Uporoto, Makete na Njombe ni vya kuchagua. Kitakachompeleka dukani ni chupa moja ya sosi ya soya na nyingine ya siki.

Ifahamike kwanza kwamba chakula ambacho familia nyingi za China hula nyumbani hakifanani sana na kile cha hotelini, chenye mafuta mengi na rojo zito. Nyumbani, wali mtupu, au tambi kwa watu wengi wa kaskazini, huliwa pamoja na mboga za aina mbili au tatu, mayai au nyama kidogo, na mara nyingi supu nyepesi. Mboga huoshwa, hukatwa na kupangwa kwenye bakuli kabla moto haujawashwa, kwa sababu zikishaingia kwenye karai hukaa dakika chache tu, nazo hazipati muda wa kunywa mafuta wala kupoteza vitamini C nyingi kama zinavyopoteza zikichemshwa kwenye maji ambayo baadaye yatamwagwa. Karai la kawaida lenye kitako cha mviringo, juu ya jiko la mkaa uliokolea, linafaa kabisa kwa kazi hii.

Chakula ninachoshauri kianze ni viazi vya kukaanga kwa siki, ambavyo hupikwa katika nyumba nyingi za China, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha viazi. Kwa watu wanne, chukua nusu kilo. Viazi vyenye rangi ya kijani, ambavyo huonekana sana pale gunia linapokaa juani, vina sumu ya solanini: ondoa sehemu hiyo yote kwa kukata ndani, na kama kiazi kimekuwa kijani sehemu kubwa, kitupe. Menya, kata slesi nyembamba, zipange kwa kulaliana, kisha zikate tena kwa urefu mpaka upate vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Viloweke katika maji baridi, uvikoroge kwa mkono na kubadilisha maji hadi yabaki maangavu na yasiyo na utandu, kwa kuwa wanga unaotoka hapo ndio ambao ungevifanya vigandane na kushika karai. Chuja vizuri sana.

Karai likishapata moto, weka vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, pilipili kavu moja na kitunguu saumu kilichokatwakatwa. Kikinukia tu, kabla hakijabadilika rangi, mimina viazi na ugeuze bila kupumzika. Baada ya dakika moja hivi nyunyiza kijiko kimoja cha siki. Siki haiwekwi kwa ajili ya ladha peke yake: uchachu huimarisha kuta za seli za kiazi, hivyo vipande havivurugiki. Endelea kwa dakika mbili au tatu, ongeza chumvi kidogo na hoho iliyokatwa vivyo hivyo, kisha epua. Kiazi kilichoiva kwa mtindo huu huwa kimeanza kuangaza na harufu ya ubichi imekwisha, lakini bado hulia kidogo kinapotafunwa. Mtu aliyezoea chipsi au viazi vya nazi atadhani hakijaiva, na atashawishika kufunika karai, asifunike.

Chainizi ni rahisi zaidi. Tenga mashina na majani, na uyakaushe maji yote, kwa sababu mboga yenye maji hupooza karai na kuishia kuchemka. Anza na tangawizi na mashina, fuatisha majani dakika moja baadaye, na epua yakinywea. Mboga hii ina kalisi ambayo mwili huifyonza vizuri kuliko ile ya spinachi. Nyanya na mayai navyo havina mzunguko: kaanga mayai manne yaliyopigwa hadi yashikane kwa ulaini, yatoe, pika nyanya mpaka zitoe rojo, rudisha mayai na umalizie kwa majani ya vitunguu.

Kwenye sosi ya soya ndipo afya huharibikia. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya kawaida kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwa hiyo kijiko hicho kimoja kitoshe karai zima la watu wanne, na chakula kilichowekwa sosi kisiongezwe chumvi.

Wapishi wa huku wakumbuke pia mwinuko. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Njombe maji huchemka kwenye nyuzi za chini zaidi ya hizo. Wali huhitaji kuongezewa maji kidogo na mfuniko uliobana. Mayai ya mvuke, ambayo yanawafaa sana watoto na wazee, hupikwa hivi: piga mayai mawili na maji vuguvugu yaliyokwisha kuchemshwa, kiasi cha mara moja na nusu ya mayai yenyewe, chuja, funika bakuli kwa kisahani na uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu. Maelekezo mengi husema dakika kumi. Hapa anza kukagua baada ya dakika kumi na mbili, na ukiona katikati bado panatikisika kama maji, ongeza muda bila kuongeza moto, kwani moto mkali hutoboa mayai matundu na kuyafanya magumu. Yakishashikana, dondoshea matone machache ya sosi ya soya na uyapakue yangali ya moto.