Jinsi ya kusoma shairi la Keats la huzuni, ukiwa na zabibu za Dodoma mkononi

Wengi wakipewa mashairi ya Waromantiki (wale washairi wa Ulaya wa miaka ya 1800 hivi, walioandika sana hisia na maumbile) wanayasoma kama matanga, mtu analia mwanzo mwisho, mwisho wanayachukia kabisa. Mi nashauri anza na Ode on Melancholy la John Keats, beti tatu tu, la mwaka 1819. Ila kwanza pita sokoni ununue zabibu, hata robo kilo, hizi hizi za kwetu, zina kazi baadae.

Ubeti wa kwanza usome kwa sauti, usikilize makatazo tu: usiende mto Lethe (ule wa hadithi za Wagiriki, ukinywa maji yake unasahau yote), usiguse mizizi yenye sumu. Keats alisomea mambo ya dawa London so sumu anazijua. Anachokwambia ni kwamba huzuni ikija usijizimishe, ukijizima hutaisikia.

Ubeti wa pili ndo tulia hapo. Huzuni inashuka kama wingu la Aprili, wingu linalia lakini linanywesha maua yaliyoinamisha vichwa, na sisi watu wa Dodoma hapo hatuhitaji mwalimu maana wingu kwetu linaombewa. Sasa chukua peni, kila kitu kizuri anachotaja andika pembeni kinadumu muda gani: waridi la asubuhi, upinde wa mvua kwenye wimbi, mpenzi akiwa amekasirika. Vyote vya muda mfupi! Ndo utaelewa kwanini ubeti wa tatu anasema Huzuni anaishi na Uzuri, tena Uzuri ambao lazima ufe.

Halafu anasema Huzuni ana madhabahu yake ndani ya hekalu la Furaha, na anayemuona ni yule tu ambaye ulimi wake unaweza kuipasua zabibu ya Furaha kwenye kaakaa. Weka zabibu moja mdomoni, usitafune, isukume juu kwa ulimi mpaka ganda lipasuke. Utamu unamwagika wote kwa mpigo na hapohapo unaanza kuisha. Rudia mstari ule kabla ladha haijapotea.

Maisha ya Keats mwenyewe soma mwisho, kwamba mdogo wake Tom alikufa kwa TB Desemba 1818 na yeye ikamuua Roma 1821 akiwa na miaka 25. Ukianza na hayo utamlilia yeye, shairi hutalisikia.

Ukimaliza andika ubeti wako mmoja kuhusu kijani cha huku mwezi wa tatu, kabla kiangazi hakijarudi, na neno huzuni usiliweke kabisa.