Bomba moja au mawili ya ekzosi kwa gari la michezo?

Kabla ya kununua, hesabu safu za silinda. Injini ya Mazda MX-5 ina silinda 4 katika safu moja na moshi wake wote hukusanyika mahali pamoja, kwa hiyo bomba moja lenye kipenyo sahihi linaitosha kabisa, ilhali la pili huongeza uzito na pambo tu. Ford Mustang GT, yenye injini ya V8 (silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 5.0, ina safu mbili, na hapo mabomba mawili hupunguza msongamano wa moshi, hasa yakiunganishwa katikati kwa kiungo cha umbo la X au H. Usidanganywe na ncha mbili za nyuma ukadhani ni mabomba mawili kamili. Chungulia uvunguni mwa gari ufuatilie mabomba hadi kwenye injini. Bomba pana kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na gari hulegea injini inapozunguka polepole.